Kangaga limefunika mlima wetu: tulichome, tulifyeke au tuliache?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji huku Lushoto. Juu ya kijiji chetu kuna mteremko wa ekari kama kumi na mbili unaopakana na msitu wa hifadhi. Zamani nao ulikuwa msitu, ukaungua, na tangu hapo ni kangaga tupu, linatufika kifuani. Miaka miwili iliyopita tulipanda miche 600, migrevilea na mikulo. Juzi nimehesabu, haizidi 40. Ofisa mmoja alituambia tuchome kwanza ndipo tupande. Mzee mmoja hapa kijijini anasema tuliache, eti ni blanketi la ardhi. Tuna vijana 15 na mapanga, pesa hatuna. Tufanye nini?

Jibu: Marahaba, ndugu katibu. Msichome. Na mwaka huu msipande hata mche mmoja kabla hamjapiga magoti chini ya hayo makangaga mkaona kuna nini. Mzee wenu ameshika nusu ya ukweli. Aliyewaambia mchome hana hata hiyo nusu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia mmea gani. Ukitaja kangaga kwa watu wa pwani, wengi watafikiria lile la vinamasi, pembeni mwa mikoko. Lenu la milimani ni la kundi hilohilo la mimea isiyo na maua wala mbegu, ila ni jingine: kitaalamu ni *Pteridium aquilinum*. Jani lake limechanika vipande kama unyoya, na chipukizi hutoka ardhini limejikunja kama mkia wa kinyonga. Limeenea kila bara isipokuwa Antaktika. Wafugaji wa Scotland wanalilaani, wakulima wa Bolivia wanalilaani, nanyi mmejiunga nao.

Mnalolifyeka ni majani tu. Mmea wenyewe uko chini. Kangaga lina mashina yanayotambaa ardhini, ya aina mbili. Yapo manene yanayopita chini zaidi, wakati mwingine nusu mita au kuzidi, na hayo ndiyo ghala: yamejaa wanga kama kiazi. Yapo na membamba yanayopita karibu na uso wa udongo, na hayo ndiyo yanayotoa majani. Njiani mote kuna macho yaliyolala, kama macho ya tangawizi, yakisubiri zamu. Kata jani, jicho moja linaamka. Kata shina la ardhini kwa jembe, vipande viwili vinakuwa mimea miwili. Mkulima yeyote aliyewahi kupambana na ndago shambani ananielewa, isipokuwa ndago ni mtoto mdogo mbele ya huyu. Huko Finland yamepimwa makundi ya kangaga yenye upana wa mamia ya mita, kila kundi likiwa mmea mmoja uliotambaa tu, na umri wake kukadiriwa kuwa zaidi ya miaka 1,000. Sisemi lenu ni la umri huo. Nasema tu kwamba mnashindana na kitu chenye subira.

Sasa moto. Moto wa msituni huunguza kilicho juu. Sentimita chache chini ya uso udongo haupati joto kali, kwa hiyo mashina ya kangaga yanabaki salama kama mihogo iliyofukiwa kwenye majivu. Miche ya miti haina pa kujificha: inakufa yote, pamoja na mbegu zilizokuwa zimelala juu ya udongo. Wiki chache baadaye mvua inanyesha, na wa kwanza kuchomoza ni kangaga, tena bila mshindani.

Haliishii hapo. Kangaga huzaa kwa spora, vumbi la kahawia linalotoka kwenye kingo za upande wa chini wa majani yaliyokomaa. Jani moja linaweza kutoa spora milioni 300 kwa mwaka, na upepo unazibeba mbali. Kwa kawaida zinashindwa kuota kwa sababu udongo wa msitu una kuvu, wadudu na mimea mingine ya kuzibana. Lakini udongo uliotoka kuungua ni mtupu, na majivu yanaupunguzia uchachu kwa muda. Kwa spora hicho ni kitanda kilichotandikwa. Ndiyo maana penye kangaga jingi, nusu ya historia ya mahali hapo tayari unaijua: pameungua, na pengine si mara moja.

Halafu majani yake ya zamani hayaozi haraka. Yanakauka yakiwa yamesimama au yamelala juu ya mengine, na ikifika Agosti mmekaa juu ya tandiko la kuni nyepesi. Cheche moja ya mrina asali, au ya mtu anayesafisha shamba chini ya mlima, inatosha. Moto unaua miche, kangaga linarudi nene zaidi, linakauka, linaungua tena. Anayewaambia mchome ili mpande anawaambia mlirutubishe.

Kwa nini miche yenu 600 ilikufa? Sikuwepo, ila naweza kukisia kwa sababu vifo hivi vinafanana kila mahali. Mlichimba mashimo, mkapanda mwanzoni mwa masika, mkafyeka kidogo kuzunguka kila shimo, mkarudi nyumbani. Mwezi mmoja na nusu baadaye majani mapya yalikuwa yamefunga juu ya mche. Chini ya kangaga lililojaa, mwanga unaofika ardhini ni kiasi kidogo sana cha ule ulioko juu. Mgrevilea unapenda jua, hauvumilii giza hilo. Mche uliopona giza ulikutana na kiangazi, majani yakaanguka yakaulalia, ukapinda au ukavunjika. Uliopona hapo ulitafunwa: panya wanapenda sana mahali palipofunikwa wasipoonwa na mwewe, na wanakula mbegu kama wanavyokula magome ya miche michanga.

Mikulo ina kisa chake. Mkulo ni mti wa msitu uliokwisha kujijenga, na kwa kawaida huendeleza kizazi chake zaidi kwa machipukizi ya mizizi kuliko kwa mbegu, ambazo mara nyingi huharibiwa na wadudu. Kuuchukua kitaluni na kuutupa kwenye kangaga ni kumpeleka mgeni wa heshima kwenye nyumba isiyo na paa. Atakuja, lakini si wa kwanza kuja.

Na migrevilea, samahani kama nawaudhi, haikupaswa kuwepo. Ni mti mzuri wa mipaka ya shamba na kivuli cha kahawa, asili yake Australia. Mnachorudisha pale ni msitu, si shamba.

Nirudi kwa mzee wenu, maana sitaki adharauliwe. Mteremko wa Usambara usio na kitu, masika moja tu inautelemsha bondeni. Kangaga linaushika udongo kwa ule wavu wa mashina, linapunguza makali ya matone ya mvua, linahifadhi unyevu. Huko Bolivia, kwenye miteremko ya Yungas inayoungua kila mara, watafiti waliochunguza mahali palipotawaliwa na kangaga walikuta kivuli chake kikisaidia baadhi ya miche ya miti kuota badala ya kuiua. Walichokiona kuwa kikwazo kikubwa ni mbegu kutofika. Na ukifikiria utaona ni kweli. Hondohondo au shore anayebeba mbegu tumboni hana sababu ya kutua katikati ya kangaga: hakuna tunda, hakuna tawi la kukaa. Anapita juu, anatua msituni, anaziacha mbegu hukohuko. Kwa hiyo blanketi ni blanketi kweli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyelala chini yake.

Au yupo, na hamjamwona. Hapo ndipo nataka mtumie nguvu zenu.

Mfano wa karibu ni Nyungwe, kusini-magharibi mwa Rwanda. Mwaka 1997, wakati wa ukame, moto uliingia katika msitu ule na kuunguza zaidi ya sehemu moja ya kumi yake, mioto mingi ikihusishwa na warina asali. Miaka ikapita, na sehemu kubwa zilizoungua zikabaki bahari ya kangaga hilihili lenu, msitu mzima ukiwa umesimama kando yake unaangalia. Wahifadhi wakajaribu kuliondoa kangaga kwenye vipande vya majaribio na kuviacha vingine kama vilivyo. Palipoondolewa, miche ya asili ilikuja kwa wingi kuliko palipoachwa, bila mtu kupanda. Njia hiyo ya kusaidia msitu ujiotee wenyewe ndiyo iliyoendelezwa pale, kwa mikono ya watu wa vijiji vya jirani. Ni kazi ya polepole na inachosha, ila haihitaji kitalu cha maelfu ya miche.

Basi fanyeni hivi. Chukueni kamba na vigingi, mpime kipande cha mita 10 kwa 10. Ingieni ndani yake kwa magoti, mfunue kangaga kwa fimbo, mtafute kila mche wa mti uliozidi urefu wa kiganja. Maotea yote, yaani miche iliyojiotea yenyewe, yahesabiwe, pamoja na visiki vinavyochipua. Kila mnaloliona pigieni kigingi chenye kitambaa chekundu au rangi, la sivyo panga la kijana mwenye haraka litalimaliza kesho yake. (Nimeshaona zaidi ya mara moja watu wakifyeka msitu mchanga kwa nia njema kabisa.) Rudieni kwenye vipande kumi: vinne karibu na ukingo wa msitu, vitatu katikati, vitatu mbali. Mwende na mtu anayeijua miti kwa majina ya Kishambaa. Mzee wenu wa blanketi angefaa sana.

Huko Asia, kwenye miradi ya aina hii, kipimo kinachotumika ni maotea kama 700 kwa hekta, yaani saba hivi kwa kila kipande chenu. Mkifikia hapo hamhitaji kupanda, mnahitaji kulinda. Nakisia ukingoni mwa msitu mtafikia na kuzidi, na kule mbali mtakuta mawili au sufuri.

Halafu moto, kabla ya panga lolote la kufyeka. Limeni barabara ya kuzuia moto upande wa mashamba na upande wa njia ya watu, upana wa mita sita hadi kumi, isafishwe hadi udongo uonekane ifikapo Juni. Penye mteremko mkali msilime moja kwa moja kutoka juu kwenda chini, mtatengeneza korongo. Kaeni na warina asali na wenye mashamba ya jirani, muwataje kwa majina kwenye kikao, mkubaliane siku za kuchoma mabaki ya shamba na nani awepo. Kazi yote nitakayoieleza hapa chini inaisha kwa alasiri moja ya moto. Na kwa kuwa mnapakana na hifadhi, zungumzeni na ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ya kwenu na kupata kibali cha maandishi kabla ya kuanza, hasa kama mpaka hauko wazi.

Kufyeka sasa. Kangaga linashindwa kwa njaa. Jani jipya linapochipuka linajengwa kwa wanga wa ghala la chini. Likishafunguka lote ndipo linaanza kurudisha deni. Panga lipite hapo katikati: jani limefunguka, bado halijalipa. Mkikata mapema mno, limetumia kidogo tu. Mkichelewa hadi majani yakomae na kuwa magumu, limeshaweka akiba na mnalisaidia kumwaga takataka. Ulaya, ambako majani hutoka kwa msimu mmoja, hukata mara mbili kwa mwaka. Kwetu linachipuka karibu wakati wote wa mvua, kwa hiyo mwaka wa kwanza jiandaeni kurudi kila baada ya wiki sita hadi nane masika na vuli. Mwaka wa pili majani yatakuwa mafupi na machache. Hapo ndipo vikundi vingi huridhika na kuacha. Ghala bado halijaisha! Nilipokuwa kijana katika kazi hii tulifyeka hekta moja mara moja tu, vizuri kabisa, tukapiga picha. Nilirudi baada ya miezi kumi na nne na sikuweza kuonyesha mpaka wa tulipofyeka. Hesabuni miaka mitatu, na mwaka wa nne wa kuchungulia.

Kwa nguvu za vijana 15 wenye mashamba yao, ekari kumi na mbili ni nyingi mno. Anzeni na ekari mbili, zile zinazogusana na msitu. Huko ndiko mbegu zinakofika, huko ndiko maotea yalipo, na kivuli cha miti mikubwa kinawasaidia. Msifyeke eneo zima: fyekeni duara la nusu mita hadi mita moja kuzunguka kila kigingi, na pale kangaga linapoegemea mche, lipondeni na kulilaza kwa fimbo nzito badala ya kulikata. Jani lililopondwa linabaki limeshikamana na shina lake, likivuja na kudhoofika, na jipya halina haraka ya kutoka. Mliyoyakata yatandikeni kuzunguka duara, si juu ya shina la mche. Kwenye mteremko mkali sana acheni mikanda ya kangaga ikikatisha mlima. Hapo blanketi la mzee lifanye kazi yake.

Palipo patupu ndipo mpande, na mpande miti inayokimbia na kutoa kivuli kipana. Kivuli ndicho kinachomaliza kangaga kabisa. Huko Chiapas, Meksiko, wakulima wa Lacandon wanajua hilo tangu zamani: wanalifyeka kangaga na kusia balsa, mti wa kwao wenye majani makubwa kama sinia, na katika majaribio yaliyofuata ujuzi wao, mashina ya ardhini yalipungua sana ndani ya miaka michache. Balsa si ya kwetu na simaanishi mwiagize. Tunayo mishai, tunayo jamii ya Macaranga, *Polyscias fulva*, *Croton macrostachyus*. Okoteni mbegu humohumo kwenye msitu wenu, kwa ruhusa. Panda kwa makundi ya miche kumi hadi ishirini iliyokaribiana, mita moja na nusu kati ya mche na mche, badala ya kuitawanya. Kundi hufunga kivuli haraka, na likishainuka ndege anapata tawi la kutua. Mikulo mtaiingiza chini ya makundi hayo baadaye, ikiwa na paa.

Onyo moja: mtu atawashauri mpande *Maesopsis eminii*, ule mti unaokua mbio uliojaa Amani. Asili yake ni upande wa Uganda na Kagera. Uliletwa Usambara Mashariki, na msitu ulipokatwa mbao ukatapakaa, hondohondo wakisaidia, ukachukua nafasi ya miti ya asili. Tusihame kutoka gugu moja kwenda jingine.

Dawa ya kuua magugu hamkuuliza, lakini mtauziwa. Glaifoseti itaua kangaga kiasi na maotea yote. Ipo asulamu, inayolenga zaidi jamii ya kangaga, lakini kwenye mlima unaotoa chemchemi za kijiji sitaki kuisikia.

Na hili la mwisho lichukueni kwa uzito. Kangaga lina sumu inayoitwa ptakwilosidi. Ng'ombe hawalipendi, ila kiangazi nyasi zikiisha hula machipukizi, na wakila kwa muda mrefu hupata uvimbe wa kibofu na kukojoa damu. Wafugaji wa nyanda za juu za Kenya wanaujua ugonjwa huo. Sumu hiyo hupita kwenye maziwa, na huko Denmark imekutwa ikichuruzika na mvua hadi kwenye maji ya ardhini. Basi mifugo isifungwe huko juu, na kama bomba lenu la maji linaanzia ndani ya kangaga, duara la kwanza la kufyekwa liwe hapo. Majani yakishakuwa na vumbi la kahawia upande wa chini, vijana wafunge kitambaa puani wakati wa kufyeka. Wajapani hula machipukizi yake baada ya kuyaloweka kwenye maji ya majivu, yanayovunja sehemu kubwa ya sumu, lakini msianze mboga mpya kwa sababu yangu.

Fanyeni ile hesabu ya vipande kumi kabla ya masika, mniandikie: maotea mangapi kila kipande, majina yake kwa Kishambaa, na umbali kutoka ukingo wa msitu. Hapo nitaweza kuwaambia mnahitaji kitalu cha miche mingapi, au kama hamkihitaji kabisa.